Saa, Chupa ya Dawa na Neno "Yes"

Somo la Kiingereza kwa madarasa ya watu wazima, Pemba

Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosemwa redioni. Palipoandikwa "Kituo", msomaji anyamaze kidogo ili darasa lirudie kwa sauti.

Walio skulini jioni hii na walio barazani, sote tu darasa moja. Mwenye kalamu na aishike. Asiye na kalamu asione haya, maana somo la leo ni la sikio na ulimi zaidi kuliko la mkono.

Nimeletewa swali, nami nimelipenda kwa kuwa limeulizwa bila ya kupinda maneno. Muulizaji asema: "Mwalimu, mimi ni mtu mzima. Nachuma karafuu, nalima mpunga bondeni, na Kiswahili changu chanitosha. Kiingereza nakitakia nini?"

Bwana wee, umesema kweli. Sokoni ni Kiswahili, ofisini kwa Sheha ni Kiswahili, na mbele ya kadhi ni Kiswahili. Mtu hapungui kitu kwa kutojua lugha ya watu. Walakini kuna Kiingereza kinachoingia nyumbani kwako bila ya kupiga hodi. Kimeandikwa juu ya tiketi ya meli, kimeandikwa juu ya chupa ya dawa ya mtoto, na pengine chatoka kinywani mwa daktari mgeni aliyesimama mbele ya kitanda chako. Hicho hakikuulizi kama wakitaka au hukitaki. Basi leo tutakishika hicho tu, na mengine yangoje.

Tuanze na saa.

Nitawapa kisa changu, nanyi mcheke mkitaka. Nilipokuwa kijana nilipeleka barua ya kuomba kazi ya ukarani katika ofisi moja, ambayo siitaji. Jibu likaja kwa Kiingereza, niende siku fulani "at 10 o'clock". Neno "ten" nilikuwa nalijua vizuri, ni kumi. Nikafua kanzu, nikapaka viatu rangi, na saa kumi alasiri nikafika mlangoni. Mlango umefungwa. Mlinzi akaniambia, "Walikungoja asubuhi, wakamchukua mwingine." Saa yao ya kumi ilikuwa saa nne yetu. Neno nililijua, lakini saa sikuijua.

Sababu ni hii. Sisi twaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na saa za usiku linapokuchwa. Jambo hili linatufaa, kwa kuwa Pemba iko karibu na mstari wa ikweta, nyuzi 5 hivi upande wa kusini, na jua letu halitoki nje ya desturi yake. Mwezi wowote, likichomoza ni karibu na saa 12. Mwingereza hana jua la namna hiyo. Kwao London, mwezi wa Desemba jua huchomoza kiasi cha saa 2 asubuhi yetu, na mwezi wa Juni huchomoza hata saa 11 ya alfajiri haijafika. Mtu wa huko akihesabu kwa jua atapotea. Yeye huanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wamelala, kisha huanza tena adhuhuri.

Kwa hiyo kati ya saa yao na saa yetu pana tofauti ya sita. Asiyependa hesabu na aitazame saa ya ukutani iliyotegwa kwa Kiingereza. Mkono mfupi ukielekea 7, wewe soma namba iliyo ng'ambo ya pili, nayo ni 1. Hiyo ndiyo saa moja yetu. Ukielekea 9, ng'ambo yake ni 3. Haya, tuseme pamoja.

"Seven o'clock" ni saa moja. "Nine o'clock" ni saa tatu. "Ten o'clock" ni saa nne. Hiyo msiisahau, imenigharimu kazi. "Twelve o'clock" ni saa sita. "Four o'clock" ni saa kumi.

Kituo.

Sasa tazameni herufi mbili zifuatazo namba. "A.m." ni tangu katikati ya usiku hata adhuhuri. "P.m." ni tangu adhuhuri hata katikati ya usiku. Basi "7 a.m." ni saa 1 asubuhi, na "7 p.m." ni saa 1 usiku. Tiketi nyingine hazina herufi hizo, bali zahesabu moja kwa moja mpaka 24. Ukiona 22:00, toa 12, zitabaki 10. Na ng'ambo ya 10 ni 4. Ni saa 4 usiku.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, khasa nyinyi wazee, kwa sababu nyinyi ndio mtakaokosea, na mtakosea kwa kuwa mwajua desturi. Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Jua la Alkhamisi likishakuchwa, mzee husema sasa ni usiku wa Ijumaa. Mwingereza husema sivyo. Kwake usiku huo bado ni wa Alkhamisi, "Thursday night", mpaka ifike saa 6 ya usiku. Ikishapita saa 6 ndipo siku hugeuka kuwa "Friday", ingawa nje ni giza tupu na majogoo hayajawika.

Chukueni mfano. Tiketi imeandikwa "Friday, 1:00 a.m." Hiyo ni saa 7 ya usiku, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mtu akilala Alkhamisi akisema "safari yangu ni kesho Ijumaa", ataamka chombo kimekwenda zake. Mfano wa pili: "Friday, 10:00 p.m." Hiyo ni saa 4 ya usiku baada ya mchana wa Ijumaa kwisha, usiku ambao mzee atauita wa Jumamosi. Ukiwa na shaka, usiulize "siku gani?" Uliza "kabla ya sala ya Ijumaa au baada yake?" Hapo hapana wa kukupoteza.

Tutoke bandarini twende kabatini, kwenye dawa.

Neno la kwanza ni "take". Katika somo letu la tatu tulisema "take" ni kuchukua. "Take the basket", chukua kikapu. Ni sawa. Lakini maneno ya Kiingereza ni kama watu, kila mmoja ana kazi ya mchana na kazi ya usiku. Juu ya dawa, "take" si kuchukua. Ni kumeza, au kunywa. "Take two tablets" ni "meza vidonge viwili". Sasa fikirini chupa iliyoandikwa "Not to be taken". Aliyejifunza kwamba "take" ni kuchukua atasema, "Wananiambia nisiichukue, labda waogopa wezi." Kumbe wamwambia kwamba dawa hii hainywewi! Ni ya kupaka, au ya kuoshea kidonda, na ukiinywa utaumia. Maneno mengine yenye maana hiyo hiyo ni "For external use only", yaani kwa matumizi ya nje ya mwili tu. Yakatakateni maneno hayo kutoka katika karatasi ya dawa mkayabandike ukutani. Si lazima mjue sarufi yake. Mjue sura yake, kama mnavyojua sura ya jirani kwa mbali.

Haya, rudieni: "Not to be taken."

Kituo.

Neno dogo "not" ndilo linalobeba mzigo wote hapo. Katika Kiswahili ukanushi hukaa mwanzoni, mbele ya tendo: sinywi, hanywi, usinywe. Msikilizaji hujua mapema kwamba jambo limekatazwa. Katika Kiingereza "not" hujificha katikati, nyuma ya neno saidizi: "I do not drink", "You must not drink". Mwenye haraka huruka juu yake akaona "drink" tu. Basi mkisoma karatasi ya dawa, kwanza itafuteni "not" kwa kidole, kama mtu achaguaye mawe katika mchele. Mkishaipata ndipo msome mengine.

Hesabu za dawa nazo zina mitego yake. "Once" ni mara moja. "Twice" ni mara mbili. Kuanzia tatu Kiingereza husema wazi: "three times". "Daily" ni kila siku. Kwa hiyo "one tablet twice daily" ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, wala si vidonge viwili kwa mara moja.

Halafu kuna "every 8 hours". Hapa nakuonyeni, maana tumetoka sasa hivi kujifunza kugeuza saa, na mwanafunzi hodari atataka kugeuza kila anachokiona. Usigeuze! "Eight o'clock" ni wakati wa siku, nao twaugeuza, ni saa mbili. "Eight hours" ni urefu wa muda, nao haugeuki, ni saa nane kamili tangu kidonge hiki mpaka kidonge kijacho. Lugha yetu hutumia neno "saa" kwa mambo yote mawili, ndiyo maana twachanganyikiwa. Kiingereza kimeyatenga: "o'clock" na "hours". Ukianza kumpa mtoto dawa saa 12 asubuhi, ya pili ni saa 8 mchana, ya tatu ni saa 4 usiku. Ukigeuza 8 ikawa 2 utampa dawa kila baada ya saa mbili, mara kumi na mbili kwa siku badala ya tatu. Sina haja ya kueleza zaidi.

Na kijiko, mabibi. "Teaspoon" ni kijiko kidogo cha chai, nacho huhesabiwa mililita 5. "Tablespoon" ni kijiko kikubwa cha mezani, mililita 15. Kikubwa kimoja ni sawa na vidogo vitatu. Maneno yenyewe yamefanana, tofauti ni mwanzo wake tu, "tea" na "table". Ikiwa chupa imekuja na kikombe chake kidogo cha kupimia, kitumieni hicho, na kijiko cha jikoni kirudi jikoni.

Jambo la mwisho katika mlango huu wa dawa. Juu ya pakiti kuna jina kubwa la kupendeza, na chini yake jina dogo. Jina kubwa ni la biashara, na kila kiwanda hubuni lake. Jina dogo ndilo la dawa yenyewe. Panadol ni jina kubwa. Chini yake pameandikwa "paracetamol". Mtu aweza kuwa na pakiti mbili zenye majina makubwa mbalimbali na rangi mbalimbali, akameza hiki kwa homa na kile kwa maumivu ya kichwa, kumbe ni dawa moja, na ameimeza maradufu. Paracetamol ikizidi sana huharibu ini. Kwa hiyo utaona onyo kama hili: "Do not take more than 8 tablets in 24 hours." Haya, darasa, nani ameiona "not"? Na "take" hapa ni nini? Na "24 hours", twageuza au hatugeuzi?

Kituo.

Vizuri. Usimeze zaidi ya vidonge 8 katika muda wa saa 24.

Sasa nimefika pale nilipotaka kufika tangu mwanzo, nako ni katika neno ambalo kila mtu adhani analijua: "yes".

Mgonjwa amelazwa, kesho apasuliwe. Ameambiwa asile kitu tangu usiku. Asubuhi daktari mgeni amuuliza: "You have not eaten?" Yaani, "Hujala?" Mgonjwa, mtu mwaminifu, hajatia hata tende kinywani. Ajibu: "Yes." Moyoni mwake asema, "Ndiyo, sijala." Lakini daktari aliyezaliwa na Kiingereza husikia, "Yes, I have eaten", nimekula. Akaahirisha kazi. Mgonjwa akarudishwa kitandani na njaa yake, asijue kosa lake ni lipi.

Hiyo ni hasara ndogo. Geuzeni kisa. Mgonjwa mwingine ameona njaa alfajiri, akanywa uji kidogo. Daktari auliza, "You have not eaten?" Naye, kwa kuwa hataki kusema uongo, ajibu, "No." Maana yake, "La, si kweli kwamba sijala, nimekula." Daktari asikia, "No, I have not eaten", sijala. Akampa dawa ya usingizi. Na mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi na tumbo lina chakula, chakula hicho chaweza kupanda kooni kikashuka mapafuni, na watu wamekufa kwa hilo. Mgonjwa alisema kweli tupu kwa Kiswahili, ila kwa maneno ya Kiingereza.

Tofauti ni nini? Sisi twajibu maneno ya muulizaji. Akisema "hujala", nasi twaona ni kweli, twasema "ndiyo". Kiingereza hakiyajali maneno ya muulizaji, hutazama jambo lenyewe. Ikiwa kula kumekuwako, ni "yes". Ikiwa kula hakukuwako, ni "no". Swali liulizwe kwa kukanusha au bila ya kukanusha, jibu halibadiliki.

Msidhani ni sisi peke yetu duniani tunaojibu namna yetu. Wachina nao kwa lugha yao hujibu kama sisi. Wengi wenu mmewaona madaktari wa Kichina kule Mkoani, katika hospitali ya Abdulla Mzee. Basi yaweza kutokea Mpemba na Mchina wakae chumba kimoja, desturi yao ya kujibu ni moja, lakini wasemezane kwa lugha ya tatu yenye desturi nyingine, na kila mmoja amtilie shaka mwenziwe. Ndiyo nasema, dawa ya jambo hili si kukumbuka kanuni tu. Dawa yake ni kutojibu kamwe kwa neno moja. Sema maneno yote: "No, I have not eaten." "Yes, I have eaten." Hata kama umekosea "yes" na "no", mwisho wa maneno utakuokoa.

Kaeni wawili wawili. Mmoja awe daktari, mmoja mgonjwa. Daktari aulize mara nne: "You have not eaten?" "You are not allergic?" "You have no pain?" "You did not sleep?" Neno "allergic" ni kwa mtu ambaye dawa au chakula fulani humdhuru, kama yule avimbaye mwili akila kamba. Mgonjwa ajibu kwa maneno kamili, kisha mbadilishane.

Kituo kirefu.

Alipokuwa akijibu mgonjwa, bila shaka baadhi yenu mlitaka kuonyesha mahali penye maumivu, mkakwama. "Mkono wauma." Upi? Kiingereza kimeukata mkono wetu vipande viwili: kutoka bega hata kifundo ni "arm", na kiganja pamoja na vidole ni "hand". Mguu pia umekatwa: juu ni "leg", chini panapokanyaga ni "foot". Na kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Msione Kiingereza ni tajiri kuliko Kiswahili kwa hilo. Mwulizeni Mwingereza tofauti ya mpunga, mchele na wali. Kwake vyote ni "rice", kilicho shambani, kilicho guniani na kilicho sahanini. Kidaka, dafu, koroma na nazi, vyote huviita "coconut" tu, na huyo ukimtuma dafu atakuletea nazi kavu.

Na maneno mengine mnayo tayari, hamjui tu kwamba mnayo. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, mpaka uhuru wa Desemba 1963, na maneno yao mengi yalibaki midomoni mwetu yakavaa kanzu. Kiingereza humaliza neno kwa mdomo uliofungwa, sisi twapenda kumaliza kwa mdomo wazi, tukaongeza irabu. Basi ukitaka kulirudisha neno kwao, liondolee irabu ya mwisho. Blanketi, "blanket". Tiketi, "ticket". Pampu, "pump". Hospitali, "hospital". Na skuli ni "school". Wenzetu wa bara husema "shule", kwa sababu wao walitawaliwa kwanza na Wajerumani, nalo ni neno la Kijerumani. Kila mtu amebaki na neno la bwana wake wa zamani, na watoto wanasoma kote kote.

Kutamka nako mna bahati. Wageni wengi hutaabika miaka na "th" ya Kiingereza. Nyinyi mmeisema tangu chuoni. "Think" ina th ya thelathini. "This" ina dh ya dhahabu. Basi, tumemaliza.

Sarufi ya leo ni moja tu. Kiswahili hufunga mzigo wote katika kifurushi kimoja, na Kiingereza hubeba kitu kimoja kimoja. Tazameni neno "nitakupikia". Kifungueni: ni, ta, ku, pik, i, a. "Ni" ni "I". "Ta" ni "will". "Ku" ni "you". "Pik" ni "cook". Na ile "i" ndogo ya kumfanyia mtu ni "for". Neno moja la kwetu limekuwa maneno matano ya kwao: "I will cook for you." Na tazameni, "you" imehama! Kwetu ilitangulia pika, kwao imekwenda mwisho wa safu. Mwanafunzi akisema "I will you cook", amefungua kifurushi vizuri lakini amepanga vibaya, na maneno hayo yatamtisha mgeni, atadhani atapikwa yeye.

Wakati uliopita nao sisi twatia "li" tu. Nachuma, nilichuma. Kiingereza mara hutia "ed" mwishoni, mara hubadilisha neno matumboni. Hakuna ujanja hapa ila kuyashika mawili mawili kama jozi ya viatu. Anzeni na kazi zenu za msimu:

"I picked the cloves." Nilichuma karafuu.

"I dried them on a mat." Nilizianika juu ya jamvi.

"I sold them in Wete." Niliziuza Wete.

Kituo.

"Sell" imekuwa "sold", wala si "selled". "Picked" husemwa kwa pumzi moja, pikt, msiseme "pi-ked". Na hili neno "clove" lenyewe asili yake ni Kifaransa, maana yake msumari, kwa vile karafuu kavu ina kichwa na mwili mwembamba mfano wa msumari. Ila mjihadhari, Kiingereza kina "clove" nyingine, ambayo ni punje moja ya kitunguu thomu. Yameandikwa sawasawa. Mnunuzi akitaka "cloves" katika Pemba, bila shaka ataka karafuu. Lakini ukisoma kitabu cha mapishi kikisema "two cloves of garlic", usitie karafuu mchuzini.

Wakati wetu unakaribia kwisha, nanyi mwataka kujua mfanyeje siku nyingine bila ya redio. Nitasema ninaloliona mimi. Orodha ndefu ya maneno haifai kitu. Nimewaona watu wakiandika maneno 50 kwa usiku mmoja na asubuhi hawana hata moja. Shikeni maneno matano, lakini kila moja mlitumie katika mazungumzo matatu ya kweli siku hiyo. Jioni, mwambie mwenzako mambo matatu uliyoyafanya: "I went to the farm. I cut grass. I came home." Akikosea usimcheke. Kama nyumbani pana mtoto wa sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, mwombe akusahihishe. Najua ni vigumu mzee kusahihishwa na mwanawe. Bibi mmoja aliniambia yeye hufanya biashara na mjukuu wake: mjukuu amsomea karatasi za dawa, naye amsimulia hadithi, na hapana anayemdai mwenziwe.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja alete pakiti moja ya dawa iliyokwisha, tupu, isiyo na kidonge hata kimoja ndani yake. Muwe mmeitafuta "not", mmeitafuta "take", na mmelitafuta jina dogo chini ya jina kubwa. Yule atakayekuta "every 6 hours" aandike saa zake nne za Kiswahili, aanzie saa 12 asubuhi.

Somo lijalo tutatazama "borrow" na "lend", ambayo sisi sote twayaita kuazima, na wengi wamegombana kwa ajili yake. Kwaherini.